Nafasi ya Mlangoni

Clementina aliingia jikoni na koti limelowa mvua, simu mkononi, akamkuta Ahmada anahesabu magauni ya watoto kwenye mifuko ya nailoni na Swalha anageuza chapati. Clementina alikuwa mpangaji wao, mwanafunzi wa mazingira kutoka Bukoba, mtu wa taratibu zake. Lakini siku hiyo hata viatu hakuvua, na kwenye nyumba ya Swalha hilo lilikuwa kosa kubwa.

"Kaka Ahmada," alisema, "wamekuchukua."

Ahmada hakuelewa mara moja. Alikuwa na gauni la rangi ya waridi begani, lenye vimetameta, vimemganda mpaka kwenye ndevu. Clementina ikabidi aeleze upya, polepole, na safari hii Swalha naye asikie. Kusini mwa jiji la Guangzhou, kule mto unakoingia baharini, kuna nyumba katikati ya mikoko. Kila majira ya baridi taasisi moja inawaita waandishi wachache, watu wanaoandika mambo ya ndege, miti na maji, inawapa chumba, chakula na meza ya dirishani, wakae mwezi mzima waandike tu. Hulipi kitu. Sharti ni uje peke yako, na kazi yako nyingine uiache nyumbani. Clementina ndiye aliyemwambia Ahmada ajaribu, na ndiye aliyemtafsiria maandishi yake kwa Kichina.

"Wameandika kwamba maandishi yako waliyasoma mara mbili," alisema Clementina. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, kana kwamba amechaguliwa yeye.

Ahmada alikaa juu ya mfuko wa magauni. Alikuwa mtu mkubwa, wa mabega, na alipofurahi alikuwa anaona haya, anaangalia chini kama kijana anayeposa.

"Hongera, mume wangu," alisema Swalha. Alisema kwa moyo. Halafu akauliza, "Lini?"

"Januari," alijibu Clementina. "Wanataka jibu kabla ya Ijumaa."

Chapati ikaungua kikaangoni, na Swalha, ambaye haunguzi chapati, akaiangalia tu inavyofuka moshi.

Mtanzania yeyote anayefanya biashara Guangzhou anajua Januari ni nini. Mwezi unaofuata Wachina wanafunga viwanda kwa mwaka wao mpya, na safari hii Ramadhani ilikuwa inaingia humo humo. Mzigo usiokuwa baharini Januari haufiki Dar kabla ya Idi, na gauni la Idi likifika baada ya Idi ni kitambaa tu. Na Ahmada ndiye mpakiaji. Wafanyabiashara wadogo wanachangia kontena moja, kila mtu na mzigo wake, na mtu mmoja anasimama godauni kuangalia nani kawekwa wapi, asije mtu akabandikiwa masanduku ya vigae juu ya mifuko ya nguo. Kazi hiyo alikuwa anaifanya Ahmada, miaka yote, bila malipo.

Ila malipo yalikuwepo. Kontena lina mlango mmoja. Kinachoingia kwanza kinatoka mwisho; kinachoingia mwisho kinakaa mlangoni, na Dar ndicho kinachoteremshwa kabla ya vyote, kinafika Kariakoo wakati wenzako bado wamekaa yadi wanagombana na makuli. Nafasi ya mlangoni ni ya mpakiaji. Haikuandikwa popote, lakini hakuna aliyewahi kuipinga. Mifuko ya Ahmada, yenye utepe wa kijani, ilikuwa inakaa mlangoni siku zote, na nyumba ile ilikuwa inaishi kwa sababu hiyo.

*

Wachangiaji walikutana siku iliyofuata kwenye hoteli ya tambi ya Waislamu, meza ya pembeni wanayokaa kila mara. Sufian alikuja wa kwanza. Alikuwa kaka yake Swalha wa tumbo moja, mwenye mzigo mkubwa kuliko wote, anayeuza viatu vya sendo na mabegi. Alikuja na Melania, mama wa Moshi anayenunua madaftari na vichezeo mtaa wa Yide Lu, anayecheka mpaka watu wa meza nyingine wageuke. Swalha alikuja nyuma ya mumewe, akakaa pembeni.

Ahmada alieleza vibaya. Alianzia katikati, akarudi nyuma, akasema "yaani" mara nyingi. Mwisho akasema kuna mahali ameitwa, mwezi mzima, kuandika habari za ndege.

"Ndege za shirika gani?" aliuliza Sufian.

Melania akacheka. Hakukusudia ubaya, lilimtoka tu, na watu wa meza ya pili nao wakacheka bila kujua wanacheka nini. Ahmada akacheka pamoja nao. Swalha aliliona hilo, kwamba mumewe amecheka pamoja nao, na lilimuuma kuliko lile la kaka yake.

"Shemeji, mie sikukatazi," Sufian aliendelea, anachanganya pilipili kwenye bakuli lake. "Lakini nieleze nipate kuelewa. Mtu mzima, baba wa watu wanaokutegemea, unakwenda kukaa porini unaangalia kunguru. Januari. Na kontena letu unamwachia nani? Unamwachia yule kunguru?"

"Si kunguru. Yangeyange," alisema Ahmada. "Na vitwitwi. Na wengine wanatoka mbali, wanapitisha baridi hapa."

"Haya, yangeyange. Basi tusomee tusikie. Maana inawezekana mie ndiye mshamba."

Alisema kwa mzaha, lakini Ahmada hakujua kukataa. Alitoa simu yake, akasogeza sogeza kwa kidole kinene, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Mhudumu alikuwa anapita na mabakuli, jikoni wanapiga unga mezani, pap, pap, na mtu mmoja mlangoni anagombana na mwenye pikipiki.

"Nyuma ya godauni kuna bwawa," alisoma. "Kila tukifunga kontena, bwawa linapungua kidogo, maana wanamwaga kifusi magari yapate pa kugeuzia. Yangeyange hawagombi. Wanasogea upande uliobaki, wanasimama kwa mguu mmoja, wanatuangalia tunavyopakia. Zamani nilikuwa naona wanangojea samaki. Sasa naona wanangoja tumalize. Na anayepakia ni mimi. Nikisema ni mtu mwingine nitakuwa nimesema uongo."

Sufian alinyoosha mkono juu ya meza kuchukua siki. "Samahani, shemeji, endelea. Melania, ile mifuko mikubwa ya kufungia mizigo siku hizi wanauza bei gani?"

Melania alikuwa bado anaitazama simu ya Ahmada. Alikuwa ameacha kucheka, kijiti kimoja cha kulia kimebaki hewani.

Ahmada aliizima simu akaiweka mezani kifudifudi. "Basi," alisema. "Siendi. Nilikuwa nawaambia tu." Akaagiza chai kwa Kichina, akawamiminia wote, akaanza kuuliza nani mzigo wake umeshafika godauni. Alikuwa mkarimu mno siku ile. Alimmiminia Sufian mara mbili.

*

Njiani kurudi Swalha alitangulia mbele hatua kadhaa. Nyumbani alivua viatu, akavipanga, akaingia jikoni, akatoka, akaingia tena. Ahmada alikuwa anaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

"Lile la bwawa umeliandika lini?" aliuliza Swalha.

"Zamani kidogo. Nikingojea gari."

"Na Clementina umemsomea."

"Nilimpa atafsiri."

"Nakuuliza umemsomea au hukumsomea?"

Ahmada akakubali kwamba amemsomea.

"Mpangaji kalisikia," alisema Swalha. "Wachina wa kwenye mikoko wamelisoma mara mbili. Mie ninayekufulia soksi zenye tope la hilo bwawa nalisikia leo, kwenye hoteli ya tambi, kaka yangu anachukua siki."

Ahmada aligeuka na mikono inadondosha povu. Alisema aliogopa. Alisema mtu anaweza kusomea watu asiowajua, wakimcheka anakwenda zake. Lakini akicheka mkewe, atakwenda wapi?

Clementina, chumbani kwake, alisikia yote maana ukuta wa nyumba zile ni mbao tu. Akavaa vipokea sauti masikioni, kwa adabu, bila kufungulia chochote.

Swalha alivuta kiti akakaa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkali kidogo, asiyependa kuonekana amelainika. Alimwambia asome tena, kuanzia mwanzo, na asome vizuri, asikimbize kama anadaiwa. Ahmada akajifuta mikono akasoma. Alisoma la bwawa, halafu la mti wa maua mekundu pale mtaani kwao, ambao vikongwe wa Kichina wanaokota maua yake chini na kuyaanika kwenye magazeti, na yeye anasimama kuuangalia kila mwaka kwa sababu ni ndugu wa msufi, ule mti wa sufi wa kwao, na kila mwaka anasahau kuleta mfuko aokote. Swalha huwa anamgombeza kwa kuchelewa mtaani pale. Hakujua kwamba anasimama kuangalia mti.

Alipomaliza, Swalha alivuta kikombe kimoja akakigeuza mkononi. Halafu akasema, "Huyo ndege anayesimama mguu mmoja, hachoki?"

"Anabadilisha," alisema Ahmada.

"Haya. Usiwajibu chochote mpaka Ijumaa."

*

Alhamisi Swalha alikwenda barabara ya Zhanqian kumtafuta kaka yake. Ghorofa za nguo za pale zilikuwa zimejaa watu wa mwisho wa mwaka, Waafrika na Warusi wanavuta mikokoteni, wenye maduka wanaita "boss, boss" bila kuinua kichwa kwenye simu. Sufian alikuwa amekaa kwenye kistuli kwa wakala wake, anakagua zipu za mabegi moja moja. Hakumkaribisha. Alijua amefuata nini.

Alimwacha asimame. Akamaliza begi, akachukua jingine. Binti wa Kichina wa dukani ndiye aliyemletea Swalha kistuli, na Swalha akashukuru lakini hakukaa.

"Nitapakia mie," alisema.

Sufian alicheka puani. Alimwambia godauni si mahali pa mwanamke. Kule watu wanavua mashati, wanatema mate, laoban, yaani bosi mwenyewe wa godauni, anaongea kama anayefukuza ng'ombe. Alisema Ahmada kwanza kawa msomi, sasa kamgeuza mkewe kuli.

"Hajanituma. Hajui niko hapa."

"Basi rudi nyumbani, Swalha. Kontena moja likipangwa ovyo, masanduku yakiegemea begi zangu mpaka Dar, nani atanilipa? Yangeyange?"

"Nakupa mlango," alisema Swalha.

Zipu ikakwama mkononi mwa Sufian.

"Mzigo wetu utaingia kwanza, ndani kabisa," alisema Swalha. "Wako utakaa mlangoni. Safari hii tu. Wewe mwambie Melania na wenzake kwamba umekubali nipakie. Ukikubali wewe, watakubali wote."

Sufian akaivuta ile zipu, haikwenda. Alikuwa mfanyabiashara, na kichwa chake kilishatangulia Kariakoo, kikaona mabegi yake yananing'inia dukani wakati maduka mengine bado matupu. Lakini pia alikuwa kaka. Alijua mzigo wa shemeji yake ni magauni ya Idi, na kwamba kutoka mwisho kwenye kontena ni kuanza kuuza wakati kina mama wameshanunua.

"Mwanahija dukani utamwambia nini?" aliuliza. Mwanahija alikuwa mdogo wao, anayewauzia kina Swalha dukani Dar.

"Nitamwambia azungushe nyumba kwa nyumba. Ataninunia. Atauza."

"Kwa ajili ya ndege."

"Si ndege," alisema Swalha. Alitaka kusema neno, akalikosa, na kukosa huko kulimuudhi. "Wewe ulikuwa unatafuta siki, hukusikia."

Sufian aliangalia lile begi. Mwishowe akasema, "Haya. Lakini mlango ni mlango. Usije siku ile ukaniletea machozi."

"Umewahi kuniona nalia?"

Hakuwahi.

*

Ijumaa Ahmada akatuma jibu kwamba anakuja. Swalha alimwambia wachangiaji wamekubali apakie yeye, na hilo lilikuwa kweli. Siku zilizobaki alimburuta kila jioni kwenye kapeti la sebuleni amfundishe, wakapanga viberiti na makopo kama mizigo: vizito chini, vyepesi juu, vinavyovunjika katikati ya nguo, na usikubali wakuambie imejaa kabla hujaingiza mkono juu. Ahmada akiweka kiberiti cha kijani mlangoni, Swalha anakiacha pale pale, anaitikia kwa kichwa. Clementina aliona uso wake na akawa na wasiwasi kuna jambo, lakini hakuuliza.

Ahmada aliondoka na begi moja na darubini ya kuazima. Mlangoni alirudi mara mbili, mara ya kwanza kasahau koti, mara ya pili hakusahau kitu.

Siku ya kupakia kulikuwa na baridi ya manyunyu, ile inayoingia mpaka kwenye meno. Swalha alivaa jaketi la mumewe, mikono imemzidi, na buti za mvua. Melania alikuwa ameshafika, amebeba chupa ya chai ya tangawizi, akasema hawezi kumwacha mwenzake peke yake na wale wanaume. Hakutaja siku ile ya hoteli ya tambi, ila alimmiminia chai kabla hajajimiminia yeye. Sufian alisimama chini ya bati, mbali kidogo, mikono mfukoni.

Makuli wa Kichina waliwafahamu wenye mizigo kwa utepe. Walipoona mifuko ya kijani waliisukuma pembeni, wakaanza kuchukua masanduku ya Melania. Swalha akawasimamisha. Akawaonyesha: kijani kwanza.

Hawakuelewa. Yule mkubwa wao alimwambia kwa sauti ya kumwelewesha mtoto kwamba kijani ni ya Ahmada, na ya Ahmada inakaa mwisho, mlangoni, siku zote. Swalha akarudia. Wakacheka wakaangaliana. Laoban wa godauni akaja, sigara mdomoni, akamwangalia yule mwanamke aliyevaa jaketi la mwanamume, akamwambia amekosea, asubiri pembeni, atampigia mumewe simu amuulize. Akaitoa simu kabisa.

Swalha Kichina chake kilikuwa cha sokoni, cha bei na rangi. Alisogea akaweka kiganja juu ya skrini ya laoban. Melania aliacha kunywa. Hata makuli wakaweka mizigo chini, maana hakuna anayemgusa laoban simu yake.

"Leo laoban ni mimi," alisema Swalha. "Kijani ndani."

Laoban alimwangalia. Alimwangalia na Sufian kule chini ya bati, kana kwamba anatafuta mwanamume mwingine wa kumuuliza. Sufian alikuwa na nafasi ya kusema neno, na mtu anaweza kumlaumu au kumwelewa, lakini alichofanya ni kuangalia chini. Laoban akatupa sigara, akapiga kelele, na mifuko ya kijani ikaanza kuingia kwenye lile giza la kontena, mmoja baada ya mwingine, mpaka ukuta wa mwisho.

Akapakia mpaka alasiri. Aliingia ndani mwenyewe, akaingiza mkono juu ya kila safu. Sanduku la vigae la mtu mmoja alilitoa mara mbili kwa sababu lilikuwa linaegemea madaftari ya Melania. Vidole vilikufa ganzi, akawa anavipuliza. Kuna wakati Sufian alikuja akamwekea glavu zake juu ya sanduku, hakusema kitu, akarudi chini ya bati. Swalha akazivaa. Mwisho wa yote mabegi ya Sufian yakakaa mlangoni, yamenyooka, hayajabanwa hata kona, yamepangwa vizuri kuliko Ahmada alivyokuwa anapanga. Sufian aliyaona. Alipapasa moja, akajaribu zipu, ingawa zipu aliijua.

Milango ikafungwa, lakiri ikapigwa, gari likaondoka linarusha tope. Hapo ndipo Swalha alipozunguka nyuma ya godauni. Alitaka kuliona hilo bwawa. Lilikuwa dogo kuliko alivyodhani, nusu kifusi, nusu maji ya kahawia. Upande wa mbali walisimama yangeyange kama watano hivi, weupe kuliko kitu chochote mahali pale. Mmoja alishusha mguu, akainua mwingine.

"Kweli anabadilisha," alisema Swalha peke yake.

Simu ikaita mfukoni mwa jaketi. Alikuwa Ahmada, na nyuma yake kulikuwa na sauti nyingi, kama soko la watu wanaozungumza lugha asiyoijua.

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza. Limejaa mpaka juu, niliingiza mkono."

"Laoban hakukusumbua?"

"Tumezoeana."

"Na mzigo wetu umekaa wapi?"

Swalha alivua glavu moja. Angeweza kusema uongo, na Ahmada asingejua mpaka mzigo ufike Dar. Lakini alikuwa anaongea na mpakiaji, na tena mtu aliyeandika kwamba akisema ni mtu mwingine atakuwa amesema uongo.

"Umetangulia kuingia," alisema.

"Umetangulia," Ahmada alirudia. Alijua maana yake, na alijua bei yake, na pole pole akajua vilevile ni nani aliyekaa mlangoni na kwa nini watu walikubali haraka vile. Swalha alimsikia anapumua. Alimsikia anataka kusema kwamba atarudi kesho asubuhi, na akawa ameshajiandaa kumgombeza.

Lakini Ahmada alimjua mkewe. Alipofungua mdomo alisema, kwa sauti iliyokwaruza, "Swalha, maji yanakupwa sasa hivi. Kuna tope refu mbele ya dirisha, na ndege sululu wameshuka, wengi, wenye midomo mirefu ya kupinda, sijawahi kuona wengi hivi, wanatembea kama watu waliopoteza sindano, na kuna mmoja..."

"Hapo hapo," alisema Swalha. "Usinimalizie kwenye simu. Andika. Ukirudi unisomee mimi kwanza."

Akakata, akavaa glavu, akasimama pale mpaka manyunyu yalipozidi na yangeyange wote wakageukia upande ule unakotoka upepo.